Siku Wanavyuo Walipoijadili Nyumba Yetu

Mimi si mshairi wala si mwanasiasa. Ni mwanafunzi wa kutwa tu, yule ambaye wengi wenu mnamjua kwa kuchelewa paredi na kwa viatu vya matope. Mhariri aliniomba niandike juu ya mjadala wa wanavyuo uliofanyika katika bwalo letu wakati wa likizo. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda kwanza kumwomba mama ruhusa. Alinipa ruhusa pamoja na masharti mawili: jina la shemeji yake nisiliandike, na nisiandike kwamba yeye alilia, kwa sababu hakulia.

Basi ilikuwa Jumamosi, Desemba 13, 2025, siku moja tu baada ya Jamhuri Dei. Wanavyuo wote wa pande zetu walikuwa nyumbani: wa Maseno, wa Rongo, wa Kisii, wa Nairobi, wa Moi kule Eldoret, wa Tom Mboya pale Homa Bay mjini, hata wale wanaosomea ualimu Asumbi. Kwa siku kadhaa walikuwa wakibishana sokoni Ndhiwa, mbele ya duka la simu na chini ya mti wa wanabodaboda, mpaka mwenye duka akawafukuza kwa sababu wateja hawakupata pa kupita. Ndipo walipomwomba mwalimu mkuu bwalo. Akakubali, lakini mlezi wa Chama cha Kiswahili naye akaweka sharti lake: mkitaka bwalo, mtajadili kwa Kiswahili. Atakayeteleza na kusema Kiingereza au Kijaluo atatia shilingi kumi kwenye mkebe wa Kimbo ulio mbele ya mwenyekiti. Sisi wanachama tuliokaa karibu tuliitwa kupanga viti na kugawa chai. Mama yangu, ambaye huuza mandazi na omena sokoni, alipewa kazi ya kupika chai hiyo. Alikuwa jikoni, nyuma ya lile dirisha la kupakulia chakula mnalolijua.

Ukiwaona wanavyuo hao ungedhani ni wabunge. Mmoja alivaa tai nyekundu na suti, katika jua lile! Mwingine alishika daftari nene na hakuandika neno hata moja mpaka jioni.

Mlezi wetu alifungua kikao. Ninyi mnamjua, akianza historia kengele hulia mara mbili. Alisema wanavyuo hawakuanza kubishana siku simu zilipokuja. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu kule Dar es Salaam waliandamana wakipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawafukuza chuoni kwa mamia, warudi kwao. Na papo hapo, kwa kuwa walikuwa wamelalamikia mishahara minono ya wakubwa, akatangaza kwamba mshahara wake mwenyewe unapunguzwa kwa asilimia 20. Mwalimu alitaka tuone kwamba wale vijana walifukuzwa, lakini maneno yao yalikuwa yameingia mahali. Akaendelea. Chuoni humo humo likazaliwa kundi la wanafunzi lililojadili ukombozi wa Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Kundi hilo lilichapisha jarida la Cheche kuanzia 1969, na mwaka uliofuata jarida na kundi vyote vikapigwa marufuku. Mwaka huo huo wa 1970 Walter Rodney alikwenda Makerere akajibizana hadharani na Ali Mazrui.

"Na huyo Museveni," sauti ikatoka nyuma, "si ndiye rais tangu 1986? Basi tusiwape wanavyuo kipaza sauti!"

Bwalo lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alitaja jina moja tu zaidi, Titus Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyehukumiwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na kufia gerezani mwaka 1988. Kisha akaketi. Tai nyekundu akaishika tai yake.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya siasa: kwamba serikali jumuishi imewafaa vijana wa Nyanza kuliko maandamano. Sitakaa sana hapa, maana mengi mmeyasikia nyumbani kwenu, na pengine mmeyasikia na sahani zikiruka. Upande wa kuunga ulisema: miaka yote tumekula gesi ya machozi, sasa tuna watu wetu ndani. Wakamtaja John Mbadi, mtu wa kaunti yetu hii, aliyepewa Wizara ya Fedha Agosti 2024, na Opiyo Wandayi aliyepewa Kawi. Wakasema mkataba uliotiwa sahihi Machi 7, 2025 kati ya Rais Ruto na Raila Odinga ulikuwa wa kuokoa nchi. Upande wa kupinga ukauliza: viti hivyo vilinunuliwa kwa damu ya nani? Wakatukumbusha Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bungeni kwa ajili ya Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Wakamtaja Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekamatwa katika kaunti yetu Juni 7, 2025 kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akapelekwa Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Mmoja akasema, "Mtu huyu alitoka chuoni juzi kama sisi. Alikuwa anajadili tu."

Hapo palikuwa kimya cha kweli. Ingeishia hapo ningeusifu mjadala ule. Lakini msemaji aliyefuata akasema jambo kuhusu Baba, kwamba hata yeye alikosea alipokubali, na mkumbuke Raila alikuwa amefariki Oktoba 15, hata miezi miwili haijatimia, matanga bado yako mioyoni. Mzee mmoja aliyekuja kusikiliza mjukuu wake akasimama na fimbo. "Nani amekufundisha kusema hivyo juu ya maiti?" Viti vikaanguka. "Wewe umelipwa!" "Na wewe umetumwa!" Mkebe wa Kimbo ulijaa katika dakika hizo tano, kwa sababu watu wakikasirika husahau Kiswahili. Mwenyekiti aligonga sufuria kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Kura hazikupigwa. Nilimwona msichana mmoja mwanachuo akimshika yule mzee mkono na kumkalisha taratibu, akimwita kwaro, yaani babu, na kutia shilingi kumi kwenye mkebe bila kuambiwa. Huyo msichana mkumbuke, atarudi.

Mwenyekiti alisema tunywe chai ili mioyo ipoe. Baada ya chai tutachukua hoja ya pili, "ya kijamii tu, haina moto." Hayo ndiyo maneno yake. Nilikuwa nimeshika birika nilipoisikia ikisomwa: "Desturi ya kurithi wajane ipigwe marufuku kabisa katika jamii yetu."

Nilitazama dirisha la jikoni. Mama alikuwa anaosha vikombe, mgongo kwetu.

Hapa lazima niseme nyumba yetu ilivyo, ingawa wanakijiji wenzangu wanaijua. Baba alifariki mwishoni mwa 2021, nikiwa darasa la sita. Ilikuwa pikipiki na trekta la miwa, usiku. Baada ya mwaka, wazee walimjia mama kwa heshima zote kumwambia kwamba baba mdogo yuko tayari kumrithi. Kijaluo tunaita tero, na anayerithi huitwa jater. Mama alisema hapana. Hakupiga kelele, alisema hapana tena akawapikia kuku. Baba mdogo naye si mtu mbaya. Kila Krismasi hutuletea sukari kilo mbili. Hajawahi kuja usiku wala kutunyang'anya shamba. Ila husema, "Mila sikuitunga mimi." Na mila inasema nyumba ya mjane asiyerithiwa haiguswi. Haiezekwi upya, haikandikwi, haifungwi hata tundu la msumari. Tundu lenyewe liko juu ya kitanda changu na cha mdogo wangu. Fundi wa kwanza alipanda ngazi, jirani akamwita pembeni na kumuuliza kama anajua nyumba hiyo ni ya nani, akashuka. Fundi wa pili hakufika. Wanaogopa chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata mtu aliyevunja mwiko. Basi mvua ikinyesha tunasogeza kitanda na kuweka ndoo. Ndiyo sababu ya viatu vya matope na ya kuchelewa paredi: ndoo ikijaa alfajiri, mtu lazima aimwage.

Sasa Tai Nyekundu akasimama kuunga mkono hoja. Kumbe anasomea sheria. Msomaji, kijana yule anajua kusema! Alisema Katiba ya 2010, kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya utamaduni wake, lakini pia inakataza kumlazimisha mtu yeyote kufanya jambo la kimila. Alisema sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inataja wazi kumrithi mjane kwa nguvu, na kumtakasa mjane, kuwa ni dhuluma. Akasema utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka, uliofanywa hapa hapa Ndhiwa mwaka 2012, ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana virusi vya UKIMWI. "Halafu mnataka mtu ahame kitanda kwenda kitanda kwa jina la mila?" Akaleta kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka kumzika kwao nje ya Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikokotwa mpaka Mei 1987, na ukoo ukashinda. "Mjane wa wakili, mwenye elimu na pesa, alishindwa," akasema. "Je, mjane wa Ndhiwa?"

Nilipiga makofi mpaka chai ikamwagika. Nilitaka kwenda dirishani kumwambia mama, unasikia? Kuna sheria! Ndipo Tai Nyekundu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa wake na makofi yalikuwa matamu, akaongeza: "Maana kwa wengi mjane ni kama shamba lisilo na ua. Kila fahali hupitia humo!"

Wakacheka. Walicheka wote, wa kuunga na wa kupinga, na mzee wa fimbo akafuta machozi ya kicheko. Baada ya ugomvi wa Baba, kicheko hicho ndicho kilichowapatanisha. Nilisikia vikombe vimeacha kugongana jikoni.

Nimefikiria sana tangu siku ile kwa nini kiliniuma kuliko matusi. Nadhani ni kwa sababu kilitoka upande wetu. Adui angesema, ningejua la kumjibu.

Wa kupinga akasimama. Alikuwa yule msichana aliyemkalisha mzee. Anasomea sosholojia, na nilikuwa nimeshaamua kumchukia kabla hajafungua mdomo.

"Mimi ni mtoto wa tero," akaanza.

Hakuna aliyecheka tena. Alisema baba yake alifariki yeye akiwa mchanga. Aliyemrithi mama yake ni ndugu wa marehemu, na mtu huyo aliuza miwa yake mwaka baada ya mwaka kulipa karo ya watoto ambao si wake. "Ninamwita baba kwa sababu ni baba." Akasema zamani tero ilikuwa ni ulinzi: mjane alibaki mke wa marehemu, watoto walibaki na jina lao na shamba lao, na mwanamke aliweza kumkataa huyu akamchagua yule. Kilichoharibu ni wanaume wa kukodi, wanaokuja kwa pesa na kuku na kuondoka. Akasema wako wajane wanaotundika koti la mwanamume nyumbani, basi, mila imetimia na hakuna aliyeguswa. "Mkipiga marufuku kabisa mtaipeleka gizani, na gizani ndiko ugonjwa unakokaa." Naye pia akachukua kesi ya S.M. Otieno, kesi ile ile! Akasema hata Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alisimama mahakamani kueleza mila za Wajaluo, wala hakuonekana mjinga.

Hapo Tai Nyekundu akanyanyua mkono. "Taarifa, mwenyekiti. Dada, mama yako aliulizwa?"

Yule msichana alinyamaza. Si kunyamaza kwa mtu anayetafuta hoja. Alitazama meza.

"Hilo," akasema, "sijawahi kumuuliza."

Na wakati huo mvua ikaanza. Mnaijua mvua yetu juu ya mabati ya bwalo, husikii hata mawazo yako. Mwenyekiti alionyesha kwa mikono tusubiri. Tulikaa hivyo, wanavyuo na wazee na sisi wa birika, tukitazamana bila kusikizana, labda dakika kumi. Mimi nilikuwa nahesabu. Mvua kama ile, ndoo hujaa kwa robo saa. Mdogo wangu alikuwa peke yake nyumbani, ana miaka saba, hawezi kusogeza kitanda.

Ilipopungua, mwenyekiti akauliza kama kuna mchango kutoka kwa hadhira. Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauamuru. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima kichwani. Ningesema "Bwana mwenyekiti, katibu, mtunza saa, wapinzani na watetezi," kama tunavyofundishwa, kisha ningewaambia kwamba wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikasimama na birika mkononi. Nikasema:

"Nyumba yetu inavuja."

Basi. Hakuna kingine kilichotoka.

"Asante kwa mchango," mwenyekiti akasema, "ila turudi kwenye hoja." Mtu akapaza sauti, "Mwambie chifu!" Kicheko kidogo, cha uchovu. Yule msichana wa sosholojia hakucheka. Alinitazama, kisha akatazama dirisha la jikoni, na nafikiri ndipo alipoelewa. Nilipogeuka, dirisha lilikuwa limefungwa.

Kura zilipigwa: 61 wakaunga marufuku, 48 wakapinga. Tulishinda. Niliosha birika.

Njiani mama hakusema neno. Tulifika, tukamwaga ndoo, tukabadilisha matandiko, akawasha moto. Ndipo aliponiuliza, "Ni nani alikutuma kuanika nyumba yangu mbele ya watu?" Nikasema hakuna. "Wale watapanda matatu Januari waende. Wewe na mimi tutapanda matatu gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsikia mwalimu akimtaja Adungosi asubuhi ile na nikaona ni hadithi ya mbali, ya mijini na ya magereza. Kumbe hata maneno matatu ya mtoto wa kutwa yana gharama, na anayelipa si yule aliyeyasema.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, Tai Nyekundu alikuja na wenzake wawili. Walikuwa wamebeba bati mbili mpya na misumari. Mkebe wa Kimbo ulikuwa umekusanya shilingi 410, wakachangishana zilizopungua. Lazima niseme kweli: walitembea na bati hizo kichwani kutoka sokoni, katika matope, na yeye alikuwa amevaa viatu vyake vya chuo. Mama aliwakaribisha, akawapa chai, akasikiliza. Kisha akakataa bati.

"Mama, sheria iko upande wako," kijana akasema.

"Naijua," mama akasema. "Sheria iko Homa Bay mjini. Shemeji yangu yuko pale." Akaonyesha kwa mdomo, maana kutoka mlangoni petu moshi wa jiko lao unaonekana. "Mkiniezekea leo, mtoto akiugua malaria wiki ijayo, ninyi mtakuwa chuoni. Watakuja hapa kuniambia ni chira."

Hakuwa na la kusema, yeye aliyekuwa na la kusema kwa kila jambo. Niliwasindikiza mpaka barabarani. Nikapata ujasiri, nikamuuliza kama anakumbuka aliyosema kuhusu shamba lisilo na ua. Hakukumbuka! Nilipomwambia, na kwamba mama alikuwa dirishani, alisimama akapangusa matope kwenye kiatu kwa jani la mgomba, kiatu kimoja, kisha kingine, kwa muda mrefu sana. "Ilikuwa ya kuchangamsha tu," akasema. Halafu akasema pole. Bati waliziacha kwa mwalimu, na ziko stoo ya shule hadi leo, nyuma ya magoli ya mpira wa mikono, kama hamjaziona.

Jumanne akaja yule msichana, peke yake, bila kitu mkononi. Alimwita mama "mama" na kuomba kuketi jikoni. Mama akaniambia nipeleke mahindi kusaga. Mahindi yenyewe yalikuwa debe nusu na unga ulikuwepo, nikajua nafukuzwa. Pale mashineni kulikuwa na foleni, nilikaa karibu saa mbili. Niliporudi niliwakuta wamekaa na ungo kati yao wakichambua omena, hawasemi. Mama alimsindikiza hadi kwenye lami. Wageni anaowasindikiza hadi kwenye lami ni wachache sana.

Waliyoongea sijaambiwa. Mara moja tu, mwezi wa Januari, mama alisema bila kuulizwa, "Yule msichana amemuuliza mama yake." Nikangoja. Akaendelea kufua.

Mkiniuliza mimi, bado ningepiga kura na wale 61. Sheria ya 2015 naipenda, ila fundi wa kijijini kwetu hajaisoma, na tukiipigia makofi bwaloni haitapanda ngazi yenyewe. Wale 48 nao siwezi tena kuwaita wajinga, kwa sababu nimeona mmoja wao akinyamaza pale alipoulizwa swali la haki. Tai Nyekundu alikuwa na hoja zote. Laiti angekuwa na huko kunyamaza.

Tulipofungua shule, tukiwa sasa kidato cha tatu na hakuna kidato cha kwanza wala cha pili nyuma yetu, wote wakiwa wale wa Gredi ya 10, nilimwomba mwalimu aninakilie kile kifungu cha 44. Nilimsomea mama jioni, nikakigeuza kwa Kijaluo. Akasema nirudie ile sehemu ya kutolazimishwa. Nikarudia.

"Hii iliandikwa lini?"

"Ilizinduliwa Agosti 2010."

"Wewe ulizaliwa mwaka huo."

"Ndiyo, mama."

"Basi ni rika lako," akasema. "Bado iko shuleni."

Lakini niliona amekichukua kile kikaratasi, akakikunja, akakitia ndani ya Biblia yake.

Chama chetu kitaijadili hoja hiyo hiyo muhula huu, siku ya Ijumaa, na mwalimu ameniweka upande wa kuunga. Mama ameuliza kama wazazi wanaruhusiwa kuingia, waketi ndani, si dirishani. Nimemwambia wanaruhusiwa, na kwamba tunaanza saa nane mchana. Amesema atakuja, kama haitanyesha.